Aeltje na Dirisha la Kaskazini

Hapa mjini Leiden wachoraji ni wengi kama utitiri, na kila mmoja atakwambia siri yake iko mkononi. Uongo mtupu. Siri ya Wouter ilikuwa mkewe, Aeltje. Miaka kumi na miwili ndiye aliyesugua vioo vya dirisha la kaskazini, akafunga mbao za chini za kuzibia mwanga na kufungua za juu, ili mwanga uteremke taratibu juu ya meza na jagi la maziwa. Wingu likipita, alikuwa ameshasogeza ubao kabla mumewe hajafungua kinywa.

Binti yao Neeltje, wa miaka minne, alikuwa hatulii. Akisimama dirishani tu, baba anafoka, "Toka hapo, unanizibia!" Basi Aeltje humleta kwangu, jirani, akachezee maharage.

Jumatatu homa ikamchukua mtoto, akafa. Tukafanya kama desturi inavyotaka: tukafunga mbao za madirisha yote, tukageuza picha zikatazama ukuta. Nyumba haifunguliwi mpaka maiti itoke. Aeltje hakulia. Alikaa akikunja leso, anaikunjua, anaikunja tena.

Jumatano, maziko yakiwa kesho yake, akainuka na kufungua mbao za juu. Mwanga ukaangukia kitanda cha mtoto.

"We Aeltje, umerukwa na akili?" nikamwambia. "Mtaa mzima utakusema!"

"Na waseme, shoga. Wouter kachora majagi mia, mimi sina hata uso mmoja wa mwanangu. Kesho wanamfukia." Aliyasema hayo kwa sauti kavu, kama anayeagiza mkate.

Wouter akaketi, brashi mkononi. Akachora shavu, paji la uso, kofia ndogo ya kitani. Kisha mkono ukasimama. Alitaka kumchora yu hai, anatazama.

"Mke wangu," akasema, hamwangalii mtu, "macho yake yalikuwa ya rangi gani?"

Nilitaka kumzaba kofi, sifichi. Mtu anayejua rangi ya kivuli cha yai! Nikangoja Aeltje ampasulie jagi kichwani.

Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa ameshika ubao wa dirisha, anausukuma polepole, anamtafutia mumewe mwanga uliobaki.

"Mchore kalala," akasema. "Giza linaingia."