Cherehani Badala ya Bahasha

Wiki mbili kabla sijastaafu, bosi wangu aliniita pembeni. Nilikuwa nimesafisha ofisi za kampuni yake pale Kista, pembezoni mwa jiji, kwa miaka ishirini na miwili. Akaniambia kampuni itanipa zawadi ya pesa, iingie pamoja na mshahara wa mwisho. Nilimshukuru, nikarudi kwenye ndoo yangu nikitabasamu.

Jioni nikamsimulia rafiki yangu Mrundi, aliyestaafu mwaka mmoja kabla yangu.

"Dada, mimi walinipa hivyo hivyo," alisema. "Kodi ikala karibu theluthi."

Kesho yake nilipiga simu ofisi ya kodi. Bwana aliyepokea alinieleza polepole. Pesa ya mwajiri ni mshahara, hata ukiiita zawadi. Lakini kitu kisicho pesa anachopewa mfanyakazi anayeaga baada ya utumishi mrefu hakitozwi kodi, mradi thamani yake haivuki kiwango kilichowekwa. Nilimwomba arudie, nikaandika yote kwa Kiswahili nyuma ya ratiba ya zamu.

Nyumbani Bredäng, upande wa pili wa jiji, nilimweleza binti yangu kwamba nataka kitu badala ya pesa, naye akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake: si uwaambie tu, mama? Kwake lilikuwa jambo jepesi. Mimi nilikulia Bukavu, na kwetu ukipewa kitu unapokea kwa mikono miwili na kunyamaza. Siku tatu nilipita mbele ya mlango wa bosi nikisukuma kigari changu. Siku ya nne nikabisha.

"Zawadi siikatai," nilimwambia. "Naomba tu isiwe pesa. Naomba cherehani."

Nikamsomea maandishi yangu, nikiyageuza kwa Kiswidi. Alimpigia mtu wa mishahara, akasikiliza muda mrefu.

"Umesema kweli," aliniambia alipoweka simu. "Hata kampuni inaepuka ada ya mwajiri, ile tunayolipa serikalini juu ya kila mshahara. Hatukuwahi kulifikiria."

"Na wenzangu wawili wanaoaga mwezi wa sita?"

"Nao watachagua kitu."

Siku ya kuaga, bosi alitaka kuniitia teksi. Nilikataa. Nilibeba sanduku la cherehani mwenyewe, nikabadilisha treni mjini, nikakaa nalo mapajani hadi Bredäng, na kila aliyeniuliza ni nini nilimjibu kwa sauti ya kusikika. Kufikia Jumamosi, akina mama wanne wa kwaya yetu walikuwa sebuleni kwangu na vitenge vyao, wakibishana nani apimwe kwanza.