Baklava Yangu Ndani ya Boksi la Watu

Krrt. Krrt. Krrt.

Alfajiri, umeme umekatika, nyumba giza totoro. Mume wangu akajigeuza kitandani, akanong'ona, "Mke wangu, jikoni kuna panya."

Hakujibiwa.

Kwa sababu mkewe hakuwa kitandani. Na huyo panya alikuwa mimi.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya sinki, nakwangua kwa ukucha doa la chokoleti kwenye boksi la rangi ya dhahabu. Boksi nimelitoa kwenye taka. Lina jina la mgahawa mmoja wa kifahari, ule ambao ukiingia na kandambili mlinzi anakuuliza kama umepotea.

Msinicheke bado. Ngojeni niwaeleze.

Boksi aliliacha wifi yangu, dada wa mume wangu. Nyumbani tunamwita Nyota Tano, maana kila kinachopita mdomoni mwake lazima akipe nyota mtandaoni. Chai anaipa nyota. Maji ya kunywa aliwahi kuyapa mbili. Na wafuasi anao, tena wengi, watu wazima kabisa wanaosubiri kuambiwa maji yana ladha gani.

Jumapili moja nilimwandalia pudini ya maziwa na karameli, nimeihangaikia siku nzima. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Akakiweka kijiko chini taratibu, kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Wifi," akasema, "hii ni ya nyumbani."

Nyota moja na nusu. Ile nusu, alisema, ni ya sahani.

Ningeweza kuvumilia. Shida ni chumba.

Nyumba ya mama mkwe, tunamoishi mimi na mume wangu, ina chumba cha mbele kinachotazama barabara, na mimi nilikitaka niuzie vitamu vyangu. Kinyozi wa mtaani naye alikitaka. Mama mkwe si mtu mbaya, ananipenda, ila ulimi anaouamini duniani ni mmoja tu, wa binti yake.

"Siku Nyota Tano akisema chakula chako kinauzika, chumba chako," aliniambia. "Lakini mwisho Jumapili hii. Saa kumi kinyozi anakuja kupima ukuta wa vioo."

Mimi shule niliiachia njiani, tumbo likiwa limeshaonekana. Nikarudi kwa darasa la jioni la upishi, binti yangu amelala mgongoni, natwanga lozi huku namnyamazisha. Sasa ana miaka mitano na anajua kupasua yai kuliko baba yake. Kile chumba sikukitaka kwa fahari. Nilitaka siku moja akiulizwa mama yako anafanya kazi gani, aonyeshe kwa kidole.

Jumamosi, kwenye jiko la darasa, nikapika baklava, ule utamu wa Kigiriki.

Manda zake, zile karatasi za unga, ni nyembamba kiasi kwamba ukiilaza moja juu ya gazeti unasoma habari. Unapaka siagi, unalaza nyingine, unapaka tena, mpaka mkono unafanya kazi wenyewe. Katikati lozi na mdalasini. Vipande unakata kabla ya kuoka. Ukisubiri ikauke, kisu kikigusa tu inapasuka kama kioo. Na kuna kanuni ambayo mwalimu wetu wa upishi alituimbisha kama kwaya: sinia la moto, shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji, ya baridi. Vyote viwili vikiwa moto, umepika uji wa karatasi.

Nikamimina shira. Sinia likalia chwaaa! Mwalimu akafumba macho.

"Binti," akasema, "hii ni kazi ya mtu."

Basi hiyo kazi ya mtu ndiyo niliyokuwa naipanga gizani ndani ya boksi la watu. Mume wangu sikumwambia. Ni mtu mwema, ila siri kwake haikai hata dakika ya kuvaa viatu.

Mpango wangu: Nyota Tano aonje, asifu, mama mkwe asikie, halafu mimi nitamke, "Wifi, nimepika mimi." Nilijiona nina akili sana.

Jumapili, saa saba mchana. Nyota Tano kaingia, miwani ya jua usoni, simu mkononi. Akaliona boksi.

"Eeeh! Leo nyumba hii imestaarabika!"

Akang'ata. Krach! Akashika kifua.

"Mama! Mama, shika mkono wangu!"

"Umepaliwa?" mama mkwe akaruka.

"Nimerudi Ugiriki!"

Ugiriki yenyewe aliwahi kubadilisha ndege tu. Kwa muda wa saa mbili, ndani ya uwanja.

Akawasha simu, akaanza kurusha mubashara, jina la kwenye boksi likionekana. "Wapenzi wangu, hii inaitwa baklava. Sikieni huo mlio. Hizi ni nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningetoa. Hiki ni kitu cha mgahawa. Mtu wa nyumbani hakiwezi, hata asome darasa la jioni mpaka azeeke."

Hapo ndipo nikasimama.

"Wifi, nimepika mimi."

Nyota Tano akavua miwani.

"Wifi yangu. Boksi hili hapa. Jina hili hapa."

"Boksi nimelitoa kwenye taka."

"Yaani unatulisha taka?"

"Boksi tu! Baklava ni yangu. Ule mgahawa hata hauuzi baklava." Na hilo nilikuwa na uhakika nalo, maana orodha yao ya vyakula nimeisoma nikiwa nje ya kioo mara nyingi kuliko wateja wao.

Simu ikatoa mlio. Nyota Tano akasoma kwa sauti, mgahawa wenyewe umeandika: "Asante sana madam! Baklava hiyo ni siri ya mpishi wetu mkuu, aliyefundishwa na bibi mmoja wa Kigiriki. Shira inamiminwa ya moto juu ya sinia la moto."

Nikacheka peke yangu, kwa hasira. "Hiyo si baklava, hiyo ni uji!"

"Ona wivu," Nyota Tano akasema. Papo hapo akawaandikia, akaagiza maboksi manane kwa ajili ya kikao cha bosi wake jioni. Wakamwambia baada ya saa mbili yatakuwa tayari.

Mume wangu akanitazama, akatazama boksi, akanitazama tena. Yule mume wangu, jamani! Naye hakuwa na uhakika.

Mama mkwe akanisogelea, akanishika bega. Bora angenigombeza.

"Mwanangu, nakupenda. Lakini sifa ya mtu usijibandike. Chumba atachukua kinyozi."

Nikaenda jikoni kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Na unajua kilichoniuma? Ushahidi wote dhidi yangu niliutengeneza kwa mkono wangu. Hata doa nililikwangua mwenyewe lisije likanisaidia.

Saa tisa na nusu simu yangu ikalia sebuleni. Binti yangu akaikimbilia, akabonyeza spika kama kawaida yake, maana yeye anaamini simu ni ya nyumba nzima.

"Binti!" Ni mwalimu wangu wa upishi, anahema. "Acha chochote unachofanya. Kuna mgahawa umenipigia, wamechanganyikiwa. Wanasema kuna madam katangaza wanauza baklava, kaagiza maboksi manane, na mpishi wao hajawahi kuipika maisha yake. Kamimina shira ya moto juu ya sinia la moto, imekuwa uji. Wanataka mtu haraka. Nikawaambia mwanafunzi wangu anayeiweza ni mmoja tu. Ile ya jana imebaki?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono inachuruzika povu.

"Mwalimu, ya jana ameila huyo madam."

"Alisemaje?"

"Nyota tano."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Niwaambie unakuja?"

"Waambie nitapika. Lakini kwenye boksi liandikwe jina langu."

Akawauliza kwa simu yake nyingine, akarudi. Walikataa. Walisema wateja wao hawawezi kula kitu cha mtu wasiyemjua. Basi wakabaki na uji wao.

Mume wangu akaja, akachukua taulo, akanifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nisamehe," akasema.

Nyota Tano alikuwa ameketi kama anayepigwa picha. "Mimi kwa kweli," akaanza, "tangu nilipoonja nilihisi kuna mkono wa nyumbani."

"Nyamaza," mama mkwe akamwambia. "Na hiyo simu yako bado inarusha."

Ilikuwa bado inarusha. Watu elfu tatu na ushei walikuwa wamesikia mpaka kikohozi cha mwalimu. Na wote walikuwa wanauliza swali moja: huyo mama anauza wapi?

Mama mkwe alichukua kipande cha mwisho, akaketi nacho, akala polepole. Halafu akanisukumia funguo za chumba cha mbele mezani.

Saa kumi kamili, hodi. Kinyozi, tepu ya kupimia shingoni, kalamu sikioni, uso umejaa tabasamu. "Mama, nimekuja kupima ukuta."

Jamani, tulivyoishiwa! Mama mkwe, ambaye ahadi yake haijawahi kurudi nyuma, akaanza kukung'uta makombo kwenye kanga. Mume wangu akatazama dari. Nyota Tano, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na maoni.

Na mimi? Somo langu nilikuwa nimeshalipata, na ninawaachia nanyi: kazi ya mkono wako iseme ni yako tangu mwanzo, hata kama watakupa nyota moja na nusu, maana ukiisitiri kwa jina la mtu mwingine, utakuja kuiomba kama ya kuazima. Nilikuwa nalijua vizuri. Na bado pale mlangoni nilizificha funguo nyuma ya mgongo.

Binti yangu akapita katikati yetu, akasimama mbele ya kinyozi, akanyanyua uso.

"Mjomba, hiki chumba ni cha mama yangu."