Shali ya Sufu

Kila mwenzangu akirudi kutoka kuimba opera Ulaya, huja kwenye kwaya yetu ya Ganjoni na shali ya sufu shingoni, joto hili la Mombasa likitutoa jasho sote. Soda baridi haigusi. Hunywa maji ya vuguvugu kutoka thamosi yake, kidogo kidogo, kama mgonjwa. Akizungumza hushusha sauti, na watu humsogelea wamsikie. Mimi nimeimba kando yake tangu shuleni, sauti ya tatu, wala sijawahi kusogelewa na mtu. Jumapili iliyopita, kabla ya wimbo wa matoleo, aliniinamia sikioni: "Ndugu yangu, Ijumaa naimba Vienna. Leo nafungua mdomo tu." Akaufungua kweli, mkono kifuani, macho juu, bila kutoa hata mlio. Sauti ya tatu tuko wawili tu. Niliimba mpaka mishipa ya shingo ikanisimama.

Misa ilipokwisha, Mama Ketty wa jumuiya yetu alimjia akifuta machozi kwa leso. "Mwanangu, sauti yako leo imeniliza!" Yeye akaipapasa shali, akainama kwa adabu. "Asante, mama." Mama Ketty akanigeukia. "Nawe jitahidi basi, usimwachie mwenzako kazi yote."