Koja la Maiti Lililofika Harusini

Ijumaa ya tarehe 30 Agosti, mwaka juzi, saa kumi na mbili asubuhi, koja la maiti liliingia kwenye ukumbi wa harusi mjini Madurai.

Lilifika limefungwa vizuri ndani ya jani la mgomba, kama makoja yote ya soko la maua. Ngoma zinalia, nazi imeshavunjwa. Jani likafunuliwa: maua ya manjano matupu, waridi hakuna, kishungi hakuna. Shangazi wa bibi harusi akapiga yowe, ngoma zikanyamaza.

Upande wa pili wa mji, marehemu mmoja alikuwa amevishwa waridi na asumini, kishungi kinamfika kiunoni.

"Yule angalau hakulalamika," anasema mzee Mookaiah. Hacheki.

Mookaiah, mwenye miaka 71, hubeba magunia ya maua kutoka mnadani. Dada yake Ochammal, 66, ametunga makoja tangu hajavunja ungo, na siku njema hupata rupia mia tatu. Katikati yao alikaa Pechi, mke wa Mookaiah, mpaka alipofariki.

Asubuhi ile msimamizi wa soko, Durairaj, alimnyang'anya Ochammal uzi.

"Mama, nenda kauze nyanya. Nyanya haina harusi wala matanga."

Ochammal akamgeukia kaka yake. "Kwani nimefanya nini?" Hakuwa anajifanya. Alikuwa ameshasahau.

Watu walisema ni uzee. Mookaiah anasema uzee ulikuwa na wasaidizi, tena wenye mishahara. Kwa miaka tisa wakubwa wa mji walitangaza kwamba soko linahamishwa. Leo tingatinga linakuja, kesho halijafika, kesho kutwa limeonekana njiani. Ochammal alikuwa analala amekumbatia kapu lake, jicho moja wazi.

Mwaka wa sita likaja kweli, likabomoa mabanda. Wakatunga chini ya turubai masika yote, na hapo ndipo kichomi kilipomchukua Pechi.

"Wakubwa walikuwa wapi? Chini ya feni," anasema mzee. "Walituma shada? Hata ua moja!"

Tangu hapo Ochammal akaanza kupotewa na mambo. Kwanza majina ya wateja, kisha njia ya nyumbani, mwisho akasahau kwamba wifi yake amekufa.

Baada ya aibu ya harusini, Mookaiah alimpeleka kwa daktari Thenmozhi, mwanamke mpole asiyependa kuficha neno. Akamwambia ni Alzaima, ugonjwa unaokula kumbukumbu.

"Sisemi msongo wa mawazo ndio ulioleta ugonjwa," alieleza. "Lakini mtu akiishi na hofu miaka na miaka, mwili unamwaga homoni za hatari bila kupumzika. Usingizi unakatika. Ile sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya inachakaa. Ugonjwa ukiikuta imechoka hivyo, unaweza kwenda mbio zaidi."

"Basi niandikie dawa ya wakubwa."

"Hiyo sina, mzee. Ninayo ya kumpunguzia makali. Mengine ni kwenu: alale, asiogope, na msimtoe kazini. Mikono ina kumbukumbu yake."

Mzee alirudi sokoni na maneno hayo. Aliyeyadaka ni Rakkayi, mtungaji mwenzao, ambaye ulimi wake haujawahi kulipa nauli.

"Hofu ina nyumba," alisema. "Twendeni tukakae mlangoni kwake."

Januari iliyofuata, msimu wa harusi umepamba moto, wanawake wakabeba mikeka hadi kwenye lango la ofisi za mji, wakakaa, wakatunga. Ochammal alikuwa katikati. Wateja wakawafuata. Maofisa wakawa wanaruka vikapu kama mbuzi.

"Mama, hapa ni ofisini!"

"Ndiyo, baba. Na sisi tuko kazini. Wewe je?"

Siku ya nne mkubwa mmoja alikwama ndani ya gari lake, mbele wafiwa, nyuma ngoma za harusi. Jioni hiyo kipaza sauti kilekile kilichozoea kuwafukuza kikatangaza kwamba soko halihami.

Ochammal akalala. Akalala kweli. Mwaka mzima tangu hapo, daktari amempima na kukuta hajapoteza mengi zaidi. "Ugonjwa haujaisha," anaonya. "Umepunguza mwendo."

Durairaj, hata hivyo, alimruhusu kutunga vikuba vya nywele tu. Harusi marufuku.

Mpaka wiki iliyopita. Asubuhi, mwanamke kijana mwenye mtoto kiunoni anasimama mbele ya watungaji. Ni Kayalvizhi, bibi harusi wa siku ile.

"Nani alinipelekea koja la maiti?"

Mookaiah anainuka. "Nililipeleka mimi."

"Babu, sikuulizi miguu. Nauliza mikono."

Ochammal anainua yake. "Nani amekufa, mwanangu?"

"Hajafa mtu, bibi! Mama mkwe alisema nitakuwa mjane kabla ya mwezi kwisha. Mume wangu yule pale, ananenepa tu."

Soko zima linacheka. Mume anavuta tumbo ndani.

"Keshokutwa mtoto anatobolewa masikio," anaendelea Kayalvizhi. "Nataka koja lake. Na lile langu la harusi, nililolikosa."

"Dada, kuna watungaji wengine," anaingilia Durairaj.

"Wengine sikuwaomba."

Ochammal anaanza. Waridi, asumini, fundo. Waridi, asumini, fundo. Macho yako kwa mtoto, vidole viko kazini. Anapofika kwenye kishungi, Durairaj mwenyewe anamshikia ncha. Siku hizi jani halifungwi mpaka mnunuzi na Mookaiah wote wameangalia ndani.

Kwa Aprili ijayo, mwezi wa sikukuu ya harusi ya mungu wa kike wa mji, watungaji wamempa Ochammal koja moja la kutunga na kupeleka hekaluni. Anafanya mazoezi kila siku. Na kila jioni anauliza: "Pechi amechelewa wapi leo? Chai yake inapoa." Mookaiah humjibu, "Anakuja," kisha anainywa yeye.

Wakubwa walipokuja kufungua banda jipya na kupigwa picha, mzee alisimama katikati ya hotuba. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Mngetuacha tulale miaka ile tisa, dada yangu leo angejua kwamba mke wangu amekufa?"