Baleti Bila Vigelegele

Binti yangu alitupatia sharti moja kabla ya kutupatia tiketi za baleti: mtu asipige kigelegele. Alinieleza mimi kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili bibi yake asije akasema hakuelewa. Mama yangu aliweka kijiko chini.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, Bibi."

Sharti lilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, shuleni kwake hapa Westerville, nje kidogo ya Columbus, Marekani, kulikuwa na tamasha la muziki, naye alipiga fidla. Mimi na rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Kivu anayeishi Gahanna, tulimshangilia kama anavyoshangiliwa bi harusi akitoka ndani. Ukumbi mzima uligeuka. Kuna mtoto aliyekuwa anarekodi kwa simu, na kwa wiki kadhaa wenzake walikuwa wakimpokea binti yangu kwenye korido kwa sauti ile ile, wakiiharibu makusudi. Binti yangu hakutugombeza. Ila tamasha lililofuata tulilisikia limeshapita. Kwa hiyo tiketi hizi zilikuwa nafasi yetu ya pili, na nilijua kabisa kwamba tukiiharibu, ya tatu haipo.

Upande wa mama yangu mambo yalikuwa mazito vilevile. Alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea, akaanzia kwa kaka yangu Louisville, akamalizia kwangu. Jumanne anarudi. Jumamosi ya onyesho ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kumwona mjukuu wake akicheza, na labda ya mwisho kwa miaka mingi. Na kwao Tanga, mama yangu ni mtu wa ngoma. Hajapata kuona mtoto wake anacheza mbele za watu akakaa kimya. Kwetu mchezaji akicheza na watu wakanyamaza, anajua ameharibu.

Basi nikaanza kazi ninayoipenda kuliko zote, ya kumweleza mtu jambo polepole mpaka aone si gumu. Kama nawe hujawahi kuona baleti, usiwe na wasiwasi, maelezo niliyompa yanakutosha. Baleti ni hadithi inayosimuliwa kwa mwili. Hakuna anayeimba wala kusema. Wanamuziki wamekaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, utawasikia kabla ya kuwaona. Wanawake wanasimama kwenye ncha za vidole, kwa viatu vya kitambaa vilivyogandishwa mbele kwa gundi, na ukiona mtu anaelea kama hana uzito, jua vidole vyake vinawaka moto. Mkono ukiwekwa moyoni ni mapenzi. Ngumi mbili zikipishana ni kifo. Mengine utayajua mwenyewe, kwa kuwa hadithi ni za mapenzi na wivu, na hayo hayahitaji mkalimani.

"Na kutuza je?" mama akauliza.

Hapo nilijua kazi ipo. Kutuza ni kuinuka wakati mchezaji yuko katikati ya ngoma, ukamwendea huku unacheza, ukamfunga kanga au ukambandika noti kwenye paji la uso, watu wote wakaona unavyompenda. Nikamwambia huku hakuna. Watu wanakaa kwenye viti vyao, kimya, mpaka pazia lifungwe.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mama."

Akatikisa kichwa, akasema ameahidi, basi ameahidi. Lakini asubuhi ya Jumamosi nilimwona anakunja kanga mpya, doti nzima, anaitia kwenye mkoba wake. Nikajifanya sikuona.

Onyesho lilikuwa saa nane mchana, katikati ya jiji. Kundi la wachezaji wa kulipwa lilikuwa limechukua watoto wachache kutoka shule za baleti za hapa Columbus kwa nafasi ndogo ndogo, na binti yangu alikuwa mmoja wa watoto wa jikoni katika jumba la mfalme. Rafiki yangu wa Gahanna alitupitia kwa gari. Yeye alipofika Marekani alipangiwa kuishi Lackawanna, karibu na Buffalo, kwenye theluji ya kufika kiunoni, na tangu hapo hatoki nyumbani bila koti zito hata jua likiwaka. Njiani alimhoji mama kuhusu sharti, maana na yeye lilimhusu.

"Donc, hatupige hata ya chini-chini?" akauliza, Kifaransa chake mbele kama kawaida.

"Hata ya chini," mama akamjibu, mkali kama askari wa zamu.

Ukumbi ule ulikuwa na dari la dhahabu na taa moja kubwa kama mti wa vioo uliopinduliwa. Mama alikaa katikati yetu, mkoba mapajani. Taa zilipozimwa alisoma bismillahi, nami nikamshika mkono. Pazia likafunguliwa.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Mfalme alikuwa na sherehe, wageni waliingia wawili wawili, na mama alikuwa anafuata hadithi vizuri kuliko mimi, kwani aligundua malkia ana wivu kabla malkia hajasogeza hata mkono. Akatokea mchezaji mkuu wa kiume, amevaa koti fupi la mahameli na chini soksi nyeupe za kubana mpaka kiunoni. Rafiki yangu aliinama kwetu.

"Bon, huyu papa, patalo yake iko wapi?"

Nikamnong'oneza kwamba ndiyo suruali yenyewe, imebana hivyo ili watu waone kazi ya miguu. Mama akasema kazi ya miguu tunaiona, na mengine pia tunayaona. Wakaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, mpaka bwana aliyekaa mbele akakohoa.

Kisha wakaingia watoto wa jikoni. Binti yangu alikuwa amevaa aproni na kilemba cheupe, amebeba sinia. Alipita kutoka kushoto kwenda kulia na kutoweka.

Mama alisubiri. Alipoona harudi, akanigeukia. "Nimekaa kwenye ndege siku nzima kuja kumwona anabeba sinia?"

Nikamwambia avute subira, watoto wana ngoma yao mbele. Na hapo ndipo maelezo yangu yote yaliponigeuka. Mchezaji mkuu wa kike alizunguka kwenye ncha ya mguu mmoja, akazunguka tena, akaendelea kuzunguka mpaka macho yangu yakachoka kwa niaba yake, na aliposimama ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Katikati ya onyesho. Juu kwenye roshani mwanamume akapiga ukelele kwa sauti nene, na hakuna aliyemgeukia.

"Hawa wameruhusiwa na nani?" mama akauliza.

Ikanibidi nikiri kwamba kumbe makofi yanaruhusiwa, mtu akimaliza jambo gumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona baleti kwenye simu tu, na kwenye simu sikuwahi kutilia maanani makofi yanaanzia wapi.

"Hukuniambia."

"Sikujua, Mama."

Alifikiri kidogo, kisha akafungua mkoba. Akilini nilimwona tayari anashuka kwenye njia ya katikati, anacheza kuelekea jukwaani, wahudumu wa ukumbi wanamkimbilia na vitochi vyao. Lakini alitoa kanga, akakunja pembe yake, na akaitia mdomoni. Akauma. Watu wengine waliruhusiwa, yeye alikuwa ameahidi.

Watoto wa jikoni wakarudi. Safari hii mfalme alikuwa amelala, na wao walikuwa wanacheza kwa kuibia, wakirushiana masinia, wakinyata, wakijificha nyuma ya kiti chake. Binti yangu alikuwa wa mwisho. Nimemwona mtoto huyu akigonga meza kwa nyonga kila siku asubuhi, akimwaga maziwa, akijikwaa kwenye viatu vyake mwenyewe mlangoni. Alikimbia, akaruka na sinia juu ya kiganja, akakaa hewani muda ambao si wa kawaida, akatua bila sauti. Sinia halikuyumba. Muziki ukakatika, kwa kuwa mfalme alikuwa amefumbua jicho moja, na ukumbi wote ukabana pumzi.

Katika kimya kile kikapigwa kigelegele.

Niligeuka haraka kumtazama mama. Mdomo wake ulikuwa umejaa kanga, macho yamemtoka. Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa ananitazama mimi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ulimi wangu bado ulikuwa unatikisika.

Makofi yalikuja mara moja na kukifunika, na jukwaani hakuna mtoto aliyegeuza kichwa. Mama alitoa kanga mdomoni. "Mwalimu," akaninong'oneza, "mtoto wa watu umemwaibisha." Hilo neno "wa watu" liliniuma, kwani mtoto ni wangu. Nusu ya pili ya onyesho siwezi kukusimulia. Najua malkia alisamehewa, lakini sikuona alisamehewa vipi.

Watoto walitokea mlango wa pembeni, ambako wazazi wengine walikuwa wanasubiri na maua. Binti yangu alikuja amevaa jaketi juu ya aproni, rangi bado iko usoni. Kabla sijafungua mdomo, mama alinipita.

"Mke mwenza, nisamehe. Ni mimi." Ndivyo anavyomwita. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, mume wao mmoja, babu. "Ulimi wa kizee hauna breki."

Binti yangu alimtazama, kisha akanitazama mimi, nami nikaangalia maua ya watu.

"Bibi, si wewe," akasema kwa Kiswahili. "Chako kirefu. Kile kilikuwa cha Mama. Cha Mama kinakatika mwishoni, kama amekumbuka kitu."

Nikamwomba radhi. Nikamuuliza kama wenzake wamemcheka. Akasema msichana wa sinia la pili aliuliza ni nini kile, naye akamwambia ni mtu wa nyumbani kwao. Halafu, akivuta pini kwenye nywele, akaeleza jambo ambalo mimi, na maelezo yangu yote, sikulijua. Ukiwa jukwaani taa zinakupofusha. Mbele yako ni giza tupu, humjui aliyekuja na asiyekuja. Mazoezini wanafundishwa kutabasamu kuelekea gizani.

"Kwa kile kigelegele ndipo nikajua mmekaa wapi," akasema. "Wakati wa kuinama mwishoni niliinama upande wenu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alinyoosha kidole. Sharti liko pale pale, ukumbini hakuna vigelegele. Mama akakubali papo hapo, akamfunga ile kanga mabegani juu ya jaketi, akamgeuza kushoto na kulia kuona imekaaje. Kisha akauliza, kwa adabu kubwa, kama jengo la kuegesha magari nalo linahesabiwa kuwa ukumbi.

Binti yangu alicheka. Tulipanda ngazi mpaka ghorofa tulipoegesha. Akachungulia huku na huku, hakuona mwenzake yeyote, akasimama katikati ya magari, kanga mabegani, mikono akaiweka kama ana sinia.

"Kimoja, Bibi."

Mama alivuta pumzi. Alikuwa amekibana tangu saa nane, na kilipotoka kiligonga zege, kikapanda ghorofa za juu, kikarudi kwetu kikiwa vingi. Binti yangu akainama, taratibu, kama wanavyoinama wachezaji wakuu. Nyuma yetu rafiki yangu, ndani ya koti lake zito, alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Bon. Na mimi je?"