Bangili za Ndani ya Kaseti

Hadi leo, bangili zikigongana mkononi mwa mtu, mimi nasikia harufu ya karafuu. Msinicheke.

Enzi hizo nilikuwa mtoto wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, na kila jioni nikitoka chuo cha Kurani kazi yangu ilikuwa kuchambua karafuu, makonyo, vile vikonyo vyake, huku, karafuu huku, mpaka vidole viwake. Mdogo wangu Echati alichukuliwa na mama mdogo, aliyeolewa Moroni, akalelewe huko. Mimi hapana. Kwetu binti wa kwanza ndiye mwenye nyumba, haondoki. "Una nyumba wewe," bibi alinibembeleza. Nyumba yenyewe ilikuwa kuta tatu na kuku.

Basi Echati akatutumia kaseti yenye sauti yake. "Dada, huku mtaani Badjanani kuna barafu mpaka meno yanauma. Kila siku niko soko la Volo Volo. Utakuja, nimekuwekea nafasi kitandani." Katikati ya maneno, bangili: cheng, cheng. Mtoto wa miaka tisa na bangili! Wivu ulinila. Kaseti ile niliijua kuliko masomo yangu. Mama aliisikiliza mara moja tu, akaenda kufua.

Kisha kisiwa chetu kikajitenga na serikali ya Moroni. Huko Moroni watu wa Ndzuani wakaanza kutazamwa vibaya, na mume wa mama mdogo hakutaka maneno ya majirani. Echati akarudishwa na boti ya kwanza iliyopatikana, mfuko mmoja, viganja vimepasuka kwa sabuni.

"Bangili ziko wapi?"

"Bangili gani, dada?"

"Na barafu?"

"Nilikuwa nauza."

"Na kitanda?"

Akatazama chini. "Nililala jikoni."

Nilimwita mwongo mbele ya wenzetu. Nilijiona nimeibiwa Moroni yangu nzima. Siku nyingi sikusema naye, naye akikaa mkekani kunichambulia karafuu bila kuambiwa.

Miaka ikapita, ukuta wa nne ukasimama, nikaolewa. Mama mdogo akaja harusini. Aliponyoosha mkono kunishika shavu nikasikia: cheng, cheng. Kumbe mkono ule ndio uliokuwa juu ya redio ya kurekodia kaseti, Echati akisema alichoambiwa aseme.

Nikamgeukia mama. Akakwepa macho yangu. Bangili za mdogo wake, angekosaje kuzijua?

Echati alikuwa uani, anaosha vyombo vya wageni. Nikaenda na hina zangu mbichi, nikakaa kando yake, nikavuta sufuria.