Kufuli Moja kwa Watu Wawili

Bango la sheria za kazi lilitundikwa juu ya maikrowevu, mahali ambapo mtu anayesubiri chakula kipate moto hana pengine pa kutazama. Sisi tulilitazama kama watu wanavyotazama kalenda ya mwaka uliopita. Lilikuwa la Kiingereza, lenye herufi ndogo, na mvuke wa maharage ulikuwa umelikunja pembe. Dada yangu aliyefanya kazi ghalani huko Columbus alikuwa na la kwake, na binamu yetu wa Buffalo, kule Riverside, alikuwa na la kwake, yote yakisema karibu mambo yale yale: mfanyakazi ana haki ya kurudi nyumbani mzima, na asiadhibiwe kwa kusema. Huko kwao, Ohio na New York, wakaguzi wa viwanda hutumwa na serikali kuu. Kwetu Kentucky jimbo lina wakaguzi wake, ila sheria yao hairuhusiwi kuwa legevu kuliko ya Washington. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua maharage tu.

Kiwanda kilikuwa Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, nasi tulikuwa bado wageni wa nchi. Tulitengeneza ndoo za plastiki. Zilizoharibika zilitupwa kwenye mashine ya kusaga, yenye mdomo mpana ambao mtu mzima anaweza kuuingia hadi kiunoni, na visu vyake viko chini. Kila zamu mashine hiyo ilisafishwa. Kazi walipewa Wakongo wawili kutoka Uvira: mzee mmoja, shemasi wa kanisa letu pale Shively, na mkwe wake, mume wa binti yake wa kwanza. Mimi, mwanamke wa Kirundi niliyekulia kambini Kigoma, nilipanga ndoo mkabala nao. Kwa kuwa Kiingereza changu kilichechemea lakini kilitembea, nilifanywa pia mkalimani, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Kabla ya kusafisha, swichi kuu hufungwa kwa kufuli ili umeme usirudi. Sheria inataka kila anayeingia aweke kufuli lake mwenyewe na ufunguo abaki nao mfukoni. Hapo umeme haurudi mpaka wa mwisho awe ametoka na kufungua. Lakini swichi ile ilikuwa chini, karibu na sakafu, na kwa watu wetu mkwe hawezi kusimama akimtazama baba wa mke wake anapiga magoti.

"Muache, Papa," mkwe alisema siku ya kwanza. "Miye nitafunga ya sisi wote."

Basi kufuli likawa moja. Msimamizi aliona, na kwa kuwa kufuli moja lina haraka kuliko mawili, akanyamaza. Sisi wengine tulimsifu mkwe. Kanisani ilisemwa kwamba binti yule ameolewa na mtu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mkwe alikuwa amemaliza upande wake, na msimamizi akawa anamhimiza, anatakiwa kwingine. Akautazama mdomo wa mashine, hakuona mtu. Mzee alikuwa ameinama ndani, upande uliofichwa na bomba, akikwangua plastiki iliyogandia kisu. Mtu mwingine yeyote angepaza sauti akamwita. Yeye hakuweza. Kwao mkwe halitamki jina la baba mkwe wake, wala hapigi kelele mbele yake. Kwa hilo simcheki, maana jina la baba mkwe wangu mimi sijalitamka mpaka leo. Alikohoa. Hakuitikiwa, akaamini mzee ametoka, akafungua kufuli na kurudisha umeme.

Kutoka upande wangu niliziona soli za viatu vya mzee. Niliona pia mkono wa msimamizi ukienda kwenye kitufe cha kijani cha kuwashia mashine. Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo. Mkono ukasimama. Mzee akajitoa taratibu, akatutazama, akauliza nani amefiwa.

Mkwe aliketi sakafuni, akakaa pale. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haina haraka ya kuondoka. Sikumkasirikia mkwe. Nilimkasirikia aliyejua sheria akaona kufuli moja linatosha. Jioni nikampigia dada yangu Columbus.

"Sema," akaniambia. "Hawaruhusiwi kukufukuza kwa sababu umesema. Si lipo bangoni? Huwa unasoma nini pale?"

Kesho yake nikamwambia msimamizi kwamba makufuli yasipoletwa nitawapigia wakaguzi. Alinitazama kana kwamba maikrowevu imesema. Lakini makufuli yalikuja, na mwalimu wa usalama akaja nayo, nami nikatafsiri. Kila mtu na kufuli lake, alisema. Na kabla ya kufungua, mwite mwenzako kwa jina, usubiri aitike. Hapo sauti yangu ilishuka yenyewe. Wakongo waliangalia viatu vyao.

Kufuli halikuwa taabu. Mzee alipiga magoti mwenyewe na mkwe akageukia ukutani. Jina ndilo lililomshinda. Wakati wa chakula mkwe aliniambia ataomba kazi kiwanda kingine.

"Dada, siwezi. Bon, nikishamwita jina yake, nitamuangalia na macho gani ku nyumba?"

Alasiri hiyo walimaliza kusafisha. Mkwe akasimama na ufunguo mkononi. Akakohoa. Kimya. Akagonga bomba kwa spana.

"Miye si bomba," mzee alisema kutoka ndani.

"Papa, mutoke."

"Bapapa beko bengi mu hii kiwanda. Uniite jina yangu. Sitoki."

Tulikuwa tumeacha kazi wote. Msimamizi alitazama saa, kisha akaona aibu akaacha. Mkwe alifumba macho. Akalitaja jina la ubatizo, na jina alilopewa mzee na baba yake, na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayevunja chombo cha watu. Sikuwa nimewahi kulisikia jina lile. Sote tulimwita shemasi.

"Niko!" mzee akaitika.

Akatoka, akapiga magoti, akafungua kufuli lake. Kisha akamshika mkwe bega.

"Kama ningekufa ile siku," akamwambia, "hii jina ungeisoma ku kanisa, mbele ya batu bote. Afazali uniite nikiwa naitika."

 Mkwe aliitikia kwa kichwa, akalifungua kufuli lake. Umeme ukarudi, nami nikarudi kwenye ndoo zangu, nikazipanga ovyo kwa muda kwa sababu nilikuwa nalia.